Mikono Ishirini na Mitatu

Osterwarf, Jumapili 21 Novemba 1993

Gesche,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata daftari langu ambalo nimeliambia mengi ya kipuuzi. Ijumaa iliyopita niliandika uongo, nikautia saini, na mtu aliyeniamuru niuandike akanisifu mbele ya ukumbi mzima kwamba mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa mchungaji. Nikafurahi. Hilo la kufurahi ndilo linalonitia kichefuchefu.

Mzee Reents, katibu wa chama cha tufe, aliteleza kwenye majani mabichi mwezi wa Septemba akavunjika kifundo cha mkono. Tangu hapo muhtasari wa mikutano naandika mimi, kwa sababu katika kijiji hiki hakuna mwingine anayeweza kuanza sentensi na kuifikisha mwisho. Nina miaka kumi na sita na ndimi kumbukumbu ya chama. Ucheke ukitaka.

Ijumaa hoja ya nne ilikuwa kumpokea Bi Erna Toews. Humjui. Alihamia hapa mwaka jana kutoka Kirigizia na mumewe na mama mkwe wake. Wazee wao ni Wajerumani waliokwenda huko enzi za wafalme wa Urusi. Kule alikuwa mwalimu wa fizikia, na mashindanoni alisukuma tufe la chuma. Hapa anabeba trei za mikate. Jumapili moja ya Oktoba tulikuwa barabarani tunacheza, tukishindana kulifikisha tufe mbali kwa mitupo michache, wanaume wakampa tufe kwa mzaha. Alilitazama, akaitazama barabara kama anayesoma swali la mtihani, akatupa. Likaviringika mpaka kona ya kiwanda cha maziwa, ambako Imke, binti wa mwenyekiti, hajawahi kulifikisha hata upepo ukiwa mgongoni. Hakuna aliyecheka tena.

Basi, ikapigwa kura. Mikono ishirini na mitatu ndiyo, kumi na tisa hapana. Nilihesabu mara mbili. Watu wakakimbilia bia zao, na Bwana Tjarks akaniinamia.

"Andika: hoja imeahirishwa mpaka masika."

Nikasema, kwa sauti ambayo hata kalamu yangu haikuisikia, "Lakini Bwana Mwenyekiti, wamepiga kura."

"Mwanangu, wamepiga kura na pombe kichwani. Sisi tunaandika walichokusudia."

Nikaandika. Halafu ndipo akanisifu.

Unajua mambo ya kwetu. Kilicho kwenye muhtasari kimetokea, kisichokuwemo hakikutokea, hata kama watu arobaini walikishuhudia. Tarehe 21 Januari muhtasari utathibitishwa kwenye mkutano mkuu. Tarehe 31 wilaya inafunga orodha ya wachezaji wa mashindano, na bila muhtasari hawamwandikishi mtu. Masika msimu umekwisha. Tjarks anajua kalenda.

Juu ya hayo ameniagiza kijitabu cha kuwakaribisha wageni: lugha ya Kijerumani, miji, taasisi na michezo, kurasa nne. Nimekimaliza. Nakutumia nakala. Usinicheke sana.

Tomma


Leipzig, 27 Novemba 1993

We Tomma, sungura wa maktaba,

Nimekisoma kijitabu chako ndani ya tramu, nikacheka mpaka mama mmoja akahama kiti. Kurasa nne, binamu yangu, na hakuna hata mstari mmoja wa kweli! Hebu nikusaidie.

Lugha. Umeandika ni "lugha sahihi yenye utaratibu". Mwambie mgeni ukweli: kitenzi mara nyingi tunakiweka mwisho kabisa wa sentensi ili mtu asiweze kuondoka kabla hatujamaliza kumkemea.

Miji. Umempa urefu wa minara ya makanisa. Akafanye nini nayo? Mji wa Kijerumani ni mahali pa kusimama ukiudharau mji wa jirani. Wa Cologne wanaicheka bia ya Düsseldorf. Hapa Leipzig wanawacheka wa Dresden kwa kujiona wana wa mfalme. Kisha wote wanapatana, wanatucheka sisi wa Frisia Mashariki. Tangu nifike wameshanisimulia vichekesho mia moja na kumi kuhusu sisi na balbu za taa. Wenzangu wote wanahama mashariki kwenda magharibi, mimi nikahamia kinyume, kwa hiyo wanadhani vichekesho vyote ni vya kweli.

Taasisi. Wafungie Wajerumani watatu kwenye lifti iliyokwama. Fundi akifika atamkuta mwenyekiti, katibu, na mmoja aliyejitenga kuanzisha chama chake.

Michezo. "Michezo huunganisha watu"! Tomma, kwetu mchezo ni watu wazima wanaotembea kilomita sita katika baridi nyuma ya mkokoteni wa pombe, wakivua tufe mtaroni kwa kikapu chenye mpini mrefu, kisha wanaotupa mara chache zaidi wanajiona majemadari.

Sasa huo uongo wako. Nani husoma muhtasari? Panya na wanahistoria. Na mimi ninayesomea historia nakuapia panya wanafaidi zaidi. Tjarks ni Tjarks. Baba yake alikuwa mwenyekiti, mwanawe atakuwa mwenyekiti, na wakimpata mbwa mwenye sauti nzito naye atachaguliwa. Hao si watu wa kusahihishwa, ni watu wa kuachwa. Funga daftari, maliza shule, panda treni. Nina godoro la ziada.

Gesche


Osterwarf, 12 Desemba 1993

Gesche,

Nilijaribu kufuata ushauri wako kwa siku kumi na moja. Halafu kijitabu kikarudi. Nilikuwa nimekiacha katika sanduku la barua la kila familia iliyohamia hapa, nyumba tano kwa jumla, na nyumba ya nne ni ya Bi Toews. Barua aliyoambatanisha nainakili neno kwa neno. Nisingeweza kukusimulia.

"Osterwarf, 8 Desemba.

Kwa Tomma Eilers.

Nimesoma kijitabu chako. Nilifundisha miaka kumi na saba, kwa hiyo nimekisahihisha kwa wino mwekundu. Utanisamehe, ni mazoea.

Ukurasa wa kwanza unanitaka nijifunze Kijerumani kwa bidii. Bibi yangu alisali kwa Kijerumani katika bonde la mto Chu, kule Kirigizia, wakati sala hiyo ingeweza kumfungisha jela. Ninyi mnacho bure na mnakitumia kuambiana kwamba mvua inanyesha, mkiwa mmelowa wote wawili.

Ukurasa wa pili unasema mnara wa kanisa la Ulm una mita mia moja sitini na moja. Naamini. Sijaona utanifaa nini nikiwa dukani saa kumi alfajiri.

Ukurasa wa nne, wa michezo, una kosa la fizikia: tufe halipunguzi mwendo kwa sababu 'limechoka'.

Nimeuacha wa tatu makusudi. Hapo umeandika: 'Katika chama, kura ya wanachama ni sheria, na kilichopigiwa kura huandikwa.' Hapo sikutia wino. Usiku ule nilikaa kwenye kiti cha korido, kwa kuwa mwombaji hutolewa nje, na mlango wenu ni wa kioo. Nilihesabu mikono. Ishirini na mitatu. Nilimwona pia msichana aliyekuwa akiandika. Aliacha kuandika, akamtazama mwenyekiti, akaandika tena. Juzi nimepokea barua kwamba hoja yangu imeahirishwa.

Sikuombi kitu. Natoka katika nchi ambayo uongo wake ulipigwa mihuri na watu wazima. Sikutegemea kwamba hapa kazi hiyo wanapewa watoto.

Nakupa alama kwa kipimo chenu, ambamo moja ni bora na sita ni aibu. Mwandiko: moja. Ukweli: sita.

Erna Toews."

Sijawahi kupata sita, Gesche. Sijawahi hata kupata tatu.

Jana nilikwenda kwenye kabati la chama kutafuta jinsi muhtasari unavyosahihishwa. Nilisoma madaftari ya miaka ishirini. Hakuna hata mara moja. Kila mwaka sentensi ni ileile: "Muhtasari umethibitishwa kwa kauli moja." Ama chama hiki hakijakosea kwa miaka ishirini, ama kimejaa kondoo. Nimewahi kuwaona wakijaribu kupanga viti. Ni kondoo.

Katika daftari la 1988 nikakuta mwandiko wako.

"Mwanachama Hilko Aden amejiuzulu kwa hiari yake." Saini: O. Tjarks, mwenyekiti. G. Eilers, katibu.

Nikamwuliza Baba jikoni alipokuwa akimenya viazi. "Hilko Aden alijiuzulu kweli?"

"Hilko? Hilko angejiuzulu kupumua kwanza."

"Kumbe ilikuwaje?"

"Walimtoa. Alisema mbele ya watu wote kwamba Onno Tjarks alilitoa tufe mtaroni akaliweka hatua tano mbele."

"Ilikuwa kweli?"

"Hatua saba, ukiniuliza mimi."

"Na kura ilipigwa?"

"Kura gani, wewe! Onno alisema 'nje', sisi tukatazama bia zetu. Jitu lile lenye mikono kama majembe lilikwenda kulia machozi kwenye maegesho ya magari." Akamenya kiazi mpaka kikabaki kama zabibu. "Binamu yako alikuwepo. Mwulize."

Nakuuliza basi. Ulinicheka kwa kurasa mbili, ukaniambia wao ndio wapumbavu. Ulikuwa unamzungumzia nani?

Tomma


Leipzig, 3 Januari 1994

Tomma,

Barua yako nimekaa nayo karibu wiki tatu. Niliipeleka mpaka chuoni na kuirudisha, kana kwamba kuna mtihani.

Ndiyo, niliandika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Hilko ndiye aliyenifundisha kutupa. Alikuwa akitembea mbele yangu barabarani akinionyesha kwa mguu pa kulenga. Tjarks alisema, "Andika amejiuzulu, ni heshima kwake." Halafu akanisifu: mwandiko wangu mzuri kuliko wa mchungaji. Mchungaji alikuwa mwingine wakati huo, sifa ndiyo ileile. Hata kusifu hajajifunza upya.

Hilko alihamia Wilhelmshaven. Anwani yake ninayo. Nina bahasha nne zenye jina lake na hakuna hata moja yenye stempu. Ilikuwa rahisi zaidi kuondoka, kisha kukaa mbali nikiwaita nyote wajinga. Sikukudanganya kuhusu wao, bado ni wajinga. Nilikudanganya kuhusu treni. Usiipande ili ukimbie kama mimi.

Sina haki ya kukushauri, ila ukumbi ule naujua kuliko ninavyojua historia yoyote, kwa hiyo sikiliza. Hoja ya pili huwa kuthibitisha muhtasari. Tjarks atauliza, "Kuna pingamizi?" na hatasubiri hata pumzi moja. Wewe hutaweza kusema kitu, nakujua, ulinyamaza hata siku nyuki alipokuuma kanisani. Usiseme. Inua mkono, uuache juu. Atajifanya haoni. Uache juu tu. Watu wetu wanaweza kumpita mtu anayelia maegeshoni bila kugeuza shingo, lakini mkono ulioinuliwa mkutanoni hawauwezi, unawawasha mwilini. Mtu atalazimika kusema.

Na kile unachotaka kusema kiandike. Kwenye karatasi huna woga.

Gesche


Osterwarf, Jumapili 23 Januari 1994

Gesche,

Ilikuwa kama ulivyosema, ila mbaya zaidi.

Walikuja hamsini na mmoja kwa sababu ya chakula. Sukuma wiki na soseji vilikuwa vinachemka jikoni, na mkutano mzima ulinusa mafuta ya nguruwe. Tjarks alisoma hoja ya pili kama mtu anayehesabu mbuzi wake: "Muhtasari-wa-Novemba-kuna-pingamizi-hakuna-tunaendelea." Niliinua mkono kwenye neno "pingamizi". Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuigusa tai yake, na hakuniona.

Hoja ya tatu ilikuwa jiko la ukumbi, linalotoa moshi. Mkono juu. Hoja ya nne ilikuwa magurudumu mapya ya mkokoteni wa pombe, na hapo walijadiliana kwa uchungu na hekima ambayo sijawahi kuiona ikitumiwa kwa binadamu. Mkono juu. Kufika hoja ya tano ulikuwa umekufa ganzi, nikaushikilia kwa mkono wa pili. Na kweli, Gesche, walianza kuwashwa. Walijikuna. Walitazama mkono, wakatazama dari, wakatazama mkono.

Mwishowe Mzee Reents akasema, "Onno, kuna mkono."

"Nimeuona, Weert. Wakati wake utafika."

"Mkono hauna wakati wake. Mkono ni mkono."

"Tangu hoja ya pili hajaushusha, mtoto wa watu," mwanamke mmoja akasema nyuma. "Utadondoka!"

"Haya, Tomma," akasema Tjarks, na tabasamu lile la picha za kalenda. "Kwa ufupi, soseji zinapasuka."

Nilisimama. Nikakunjua karatasi. Nilisoma hivi: "Muhtasari wa tarehe kumi na tisa Novemba si wa kweli. Hoja ya kumpokea Bi Erna Toews haikuahirishwa. Ilipigiwa kura, ishirini na mitatu kwa kumi na tisa, akapokewa. Niliandika uongo. Niliambiwa na mwenyekiti, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu." Nikakaa. Nadhani walisikia nusu. Nusu hiyo ilitosha.

Tjarks akacheka. "Jamani, mtoto huyu anasoma vitabu vingi mno. Nani hapa anakumbuka hesabu ya Novemba?"

Watu hamsini walitazama bia zao. Niliwatazama mmoja mmoja, na nakwambia sijawahi kuwadharau hivyo. Watu wanaokumbuka nani alitupa nini mwaka sabini na mbili, na upepo ulivuma kutoka wapi, hawakukumbuka mikono yao wenyewe ya wiki tisa zilizopita. Baba pia alikuwa anatazama bia yake. Hilo sitakuficha.

Aliyesema ni Imke. Imke mwenyewe, ambaye nafasi yake ndiyo ilikuwa inalindwa!

"Nakumbuka mimi, Baba. Niliinua wa ndiyo."

"Imke, kaa."

"Nimekaa. Miaka sita mfululizo tunashindwa na Süderhamm, unadhani naona raha? Yule mama anatupa mpaka kiwanda cha maziwa. Mpeni tufe, mimi nitatupa wa pili."

Kwa hiyo usifikiri ni haki iliyowagusa. Waligutuka kwa sababu wanataka kuwashinda Süderhamm. Ghafla kila mtu akakumbuka. Mmoja alikumbuka mpaka kiti alichokalia. Ikapigwa kura kusahihisha muhtasari: thelathini na nane ndiyo, sita hapana, saba wakaendelea kutazama bia. Baba aliinua mkono, wa mwisho mwisho, kama anayejikuna sikio.

Tjarks akauliza nani ataandika sasa, maana katibu amejitangaza mwongo. Mzee Reents akasema, "Aandike yeye. Wengine hapa hatujui hata kama tu waongo, hatujawahi kuulizwa." Ikabidi niandike habari zangu kama za mtu mwingine: "Katibu wa muda, Tomma Eilers, alikiri kwamba aliandika uongo kwa agizo la mwenyekiti." Nikatia saini. Tjarks akatia saini bila kusoma, akaenda kugawa soseji. Wakala. Kwa saa nzima wakazungumza juu ya magurudumu ya mkokoteni. Hakuna aliyenisogelea isipokuwa Mama, aliyeniletea sahani na kuniambia ninyooshe mgongo.

Nilidhani baada ya hapo ningewachukia kidogo, au ningewapenda kidogo. Nawaona vilevile. Nilichoongeza ni mtu mmoja katika orodha ya ninaowadharau, na mtu huyo ni mimi wa Novemba.

Jana saa moja asubuhi nilikwenda dukani kwa mikate nikiwa na nakala ya muhtasari na fomu ya wilaya. Bi Toews aliisoma amesimama, trei begani, mara mbili.

"Wiki tisa," akasema.

"Ndiyo, Bi Toews."

"Na binti wa mwenyekiti ndiye aliyekuokoa."

"Ndiyo."

"Kwa sababu anataka kushinda."

"Ndiyo."

"Angalau huyo anajua anachotaka." Akatua trei, akafuta unga vidoleni, akatia saini fomu juu ya kaunta. Hakunishukuru, na singejua pa kuitia shukrani hiyo. Aliniuliza kama najua barabara ya mashindano ina lami ya aina gani. Sikujua. Akasema nikajue kabla ya Jumapili ijayo.

Ndani ya bahasha hii nimekutilia nakala ya ukurasa wa 1988. Hilko hajui kwamba kwenye daftari la chama "alijiuzulu". Mwambie wewe, au nitumie anwani.

Kutoka dukani nilipanda baiskeli mpaka Aurich, kilomita kumi na moja, upepo usoni. Ofisi ya wilaya ilikuwa imefungwa kwa kuwa ni Jumamosi. Nikatia bahasha yenye fomu na muhtasari kwenye sanduku lao la mlangoni, nikasikiliza mpaka nikaisikia ikianguka ndani, nikarudi nyumbani, nikalala mpaka saa nane mchana.

Tomma